Alipona, Lakini Wasifu Umekataa

Tumemzika mzee wa Singe, hapa Babati, mkulima wa mahindi na maharage, tuliyekuwa tukibishana naye kila Jumapili nje ya kanisa. Uzee ndio uliomchukua, hilo silalamikii. Kilichonikera ni wasifu wa marehemu. Mwanawe mkubwa alisoma ubatizo, ndoa, watoto na wajukuu, kisha akasema kwamba miaka ya themanini mzee "aliugua kidogo." Kidogo! Saratani ya nyuma ya pua ni kuugua kidogo? Nilipomvuta pembeni akanijibu kwa adabu, "Baba, tuna mabinti hawajaolewa. Watu watasema ukoo wetu una ugonjwa." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha, tumemfichia sisi.

Ilianza kwa kutokwa damu puani na uvimbe shingoni. Nyumbani wakasema ni kimeo, wakamwita mkataji, kikakatwa. Uvimbe ukazidi kukua. Mwishowe daktari akamtuma Dar es Salaam kwenye mionzi, nyakati zile sabuni ikipangiwa foleni na mabasi yakilala njiani kwa kukosa tairi. Alipofika, mashine ikaharibika, kipuri kikasubiriwa kutoka ng'ambo. Ndugu wakampelekea ujumbe arudi afie kwao. Akawajibu, "Kufa sijaanza. Tumeni maharage." Wakatuma, wakinung'unika.

Kipuri kikafika, akapigwa mionzi. Alirudi sikio moja halisikii, mdomo umekauka mate, ugali haushuki bila maji, na baadaye meno yakamtoka. Lakini alirudi, akalima, akazeeka. Watu wakamtengea kikombe chake peke yake. "Saratani si kikohozi!" alifoka, akinyakua kikombe cha jirani na kunywa makusudi. Miaka ilipopita na yeye hafi, wakageuza maneno: basi haikuwa saratani. Hapo ndipo wanaponichosha. Akifa mtu, ilikuwa saratani, akipona, haikuwa. Kwa hesabu hiyo hatapona mtu Babati nzima hadi kiama, hata mionzi ingeletwa pale sokoni.

Wakati wa chakula cha msiba, mama mmoja wa Bagara alinisogelea, khanga kaizungusha shingoni. "Shikamoo baba. Ni kweli marehemu alikuwa na saratani?" Nikamwambia ni kweli. Akashusha khanga kidogo, nikauona uvimbe. "Nyumbani wanasema hii haiponi, nisiwasumbue watu na nauli." Nilipandwa na hasira, nikamshika mkono hadi kwa yule mwana aliyesoma wasifu. Nikamwambia, "Msimulie habari za baba yako." Aliitazama ile shingo, kisha akamweleza yote, hadi jina la hospitali. Mabinti zake walikuwa wamekaa hapohapo, wanasikia.

Ndugu wasomaji, mkiwa na jamaa aliyepona, mtajeni na ugonjwa wake, tena kwa sauti. Msibani hakosekani mgonjwa anayesikiliza, akitafuta sababu ya kupanda basi.