Panga la Paluku na Mipapai ya Kalunguta

Bado naiona ile asubuhi ya vita, mwanangu. Kaka yangu Paluku amesimama katika shamba letu la mapapai kule Kalunguta, panga mkononi, amekasirika kama nini. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Butembo. Wanunuzi waliokuwa wakichukua utomvu wetu mkavu wa mapapai mabichi hawakuja tena, na watoto wake walikuwa wamelala njaa. Alitaka kufyeka mipapai yote apande maharagi, akamgeukia mama yetu aliyekuwa akimkataza.

"Mais lakini, Mama, batoto batakula nini? Hii maji ya papai inakuliwaka?"

Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya biolojia, na mdomo wangu unaujua, haukai kimya. Nikamshika mkono. Ngozi ya vidole ilikuwa imebanduka, maana alikuwa anagema utomvu huo bila kujifunga mifuko mikononi.

"Ona! Ndani ya hii utomvu kuna kimeng'enya, kinakata protini. Mukono wako ao nyama ya sufuria, kwake ni sawa. Na ndugu zake biko mu kila seli ya mwili wako."

Akacheka kwa hasira. Sikujali, nikaendelea. Seli ikishikwa na njaa hujila yenyewe, lakini kwa akili. Hukusanya vipande vyake vilivyochakaa, huvifunga, huvipeleka kwenye kifuko ambamo vimeng'enya hivyo vimefungiwa. Humo hukatwakatwa, na seli hujijenga upya kwa mabaki. Kifuko kikipasuka, vimeng'enya hutoka na kukata hata kilicho kizima, na seli hufa.

Mama alikuwa amekalia mpini wa jembe, anasikiliza.

"Paluku, umesikia dada yako? Donc basi, kata ile mizee, na ile ya dume yenye haizae. Ile yenye inaanza kuzaa, hapana gusa."

Paluku akaanza na mpapai mzee kuliko yote. Mashina tuliyaacha yaoze palepale, tukapanda maharagi katikati. Mpaka yalipokomaa tulikula mapapai mabichi ya kupika, yakatutoka puani! Lakini hatukuzika mtoto. Barabara ilipofunguka, mipapai michanga ilikuwa imejaa matunda, na Paluku akagema akiwa amejifunga mikono yote miwili.

Sasa wewe, mwanangu, wateja wako wa kushona wamekukimbia na unasema utauza kila kitu nyumbani. Uza viti. Uza redio ile inayokoroma. Njaa ikikubana, kula kilichochakaa, na hasira yako ifunge kwenye kifuko chake. Cherehani usiiguse.

Nenda, Mungu akushibishe leo bila kukunyang'anya kesho.