Anguko la Paka

Kwenye chumba cha mavazi cha kampuni ile ya filamu walimwita Mama Vifungo, ingawa hakuwahi kuzaa wala hakuwa na mapenzi yoyote na vifungo. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, siku mwigizaji mmoja wa kifua kipana alipovuta pumzi katikati ya tukio la mazishi, koti likafyatuka vifungo vitano kwa mpigo na marehemu akacheka ndani ya jeneza. Tangu hapo kila kifungo alikishona mara mbili, na jina likamganda.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyemlea mwenyewe tangu walipofiwa na wazazi. Huyo kazini walimwita Paka. Kazi yake ilikuwa kuruka, kuanguka na kugongwa badala ya waigizaji wenye majina, na ni dada yake aliyemtafutia. Walisema ukimtupa kutoka juu anatua kwa miguu. Mwenyewe alilijua hilo, na hata mwendo wake ulikuwa wa mtu anayelijua.

Ndipo ikaja filamu ya Ngome. Ngome alikuwa shujaa wa ajabu, mwenye nguvu za kuzuia ukuta usidondoke, asiyesema sana na asiyecheka kabisa. Mama Vifungo alimshonea vazi la kijivu la kitambaa kizito. Alishona manne, mawili ya mwigizaji na mawili ya Paka, na yale ya Paka aliyawekea sponji kiunoni bila kumwuliza mtu.

Tukio la mwisho, Ngome anaanguka kutoka ghorofa ya tatu ya ghala kuukuu. Chini walipanga maboksi na magodoro. Paka aliruka mara moja tu. Aliyakosa magodoro kwa upana wa kiganja, mgongo ukakutana na ukingo wa saruji. Dada yake alikuwa amesimama hapo hapo, pini tatu mdomoni, na kabla hajazitema alikuwa ameshajua kwamba huyu hainuki.

Alikaa hospitali miezi mitano, akatoka na fimbo na mguu mmoja anaouburura. Dada mtu akamwekea kitanda kwenye chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama uchochoro wa watu wanaoanika nguo. Filamu ilipotoka, wakaona kwamba lile anguko halikukatwa. Liliachwa lilivyo, bila muziki, na ukumbi mzima ulilia. Paka akapata kitu cha kushika. Mgeni akija kumjulia hali, hakosi kumwambia, "Lile la mwisho ni langu. Siyo la yule mwenye sura nzuri." Mgeni hutikisa kichwa kwa heshima, na Paka siku hiyo hula vizuri.

Miaka mitatu baadaye kampuni ikaamua kutoa sehemu ya pili. Mtayarishaji mkuu aliwakusanya wafanyakazi akawaambia watu wamechoka kulia, safari hii wanataka kucheka. Akaletwa mwongozaji mpya, kijana mchangamfu aliyesalimia hadi wafagiaji, na baada yake yakaletwa majora ya kitambaa cha rangi ya chungwa chenye kung'aa. Ngome sasa angevaa joho la marinda, buti zenye manyoya na mkanda wenye taa. Angekuwa na rafiki, kuku anayeongea. Mama Vifungo alipima, akakata, akashona. Kitambaa kile kiliteleza chini ya sindano kama samaki, na jioni alirudi nyumbani na vumbi linalometameta hadi kwenye nyusi.

"Dada, umeoga pambo?" Paka alimwuliza.

"Ni vazi la Ngome."

"Rangi gani?"

"Chungwa."

Paka alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi mimi nilibahatika. Nilivaa la kijivu."

Wiki ya tatu walimpa kurasa za mchezo ili ajue ni tukio gani linahitaji vazi gani. Ukurasa wa thelathini na moja haukuhitaji vazi. Ulisema: Ngome anamsimulia kuku alivyoanguka zamani. Tunaonyeshwa anguko la filamu ya kwanza. Linarudishwa nyuma, linarudiwa, mara tatu, kwa mlio wa filimbi na kishindo cha ngoma. Kuku anataga kwa mshtuko.

Aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akausoma tena. Siku ya pili alimfuata mwongozaji alipokuwa anakula mkate kwenye ngazi za studio.

"Baba, nina neno kidogo juu ya ukurasa wa thelathini na moja."

"Sema tu, mama yangu."

"Anayeanguka pale ni mdogo wangu."

"Paka, si ndiyo? Nimesikia sifa zake."

"Pale hakuwa anaigiza. Pale ndipo alipovunjika. Mnachotaka kukipigia filimbi ni mgongo wa mtu."

Mwongozaji aliacha kutafuna. "Mimi niliambiwa aliumia mazoezini."

"Mimi nilikuwepo."

"Niachie siku mbili, mama. Nitaongea nao."

Na kweli aliongea nao. Mama Vifungo alimwona kupitia kioo cha ofisi, mikono inapanda na kushuka, na mtayarishaji mkuu ameegemea kiti akimsikiliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Siku ya tatu kijana akaja chumba cha mavazi, akasimama karibu na pasi.

"Mama, nimebishana mpaka maneno yameniishia. Wanasema picha ni mali ya kampuni, na hapo ndipo watu watacheka kuliko popote. Nilichoambulia ni hiki: litarudiwa mara mbili, siyo tatu."

Alisema hivyo kwa uso wa mtu aliyeleta zawadi halafu akaona mwenyewe kuwa ni ndogo. Mama Vifungo akamwambia asante. Ile asante ilimtoka tu, kama mtu anavyosema amina, na usiku na mchana uliofuata asante hiyo ndiyo iliyomkereketa kuliko ule ukurasa.

Angemwambia Paka. Kila jioni aliingia na nia hiyo, na kila jioni Paka alimtangulia kwa swali. Je, wanamtaja hata kidogo? Je, Ngome anakumbuka lile ghala?

"Anakumbuka," alijibu siku moja, kwa kuwa hakuweza kusema uongo wala ukweli.

Uso wa Paka ukafunguka. "Nilijua tu. Pale hawawezi kuparuka."

Baada ya hapo kumwambia kukazidi kuwa kugumu.

Kadi za mwaliko zilikuwa mbili, za onyesho la Jumamosi saa tisa alasiri. Alizificha ndani ya boksi la nyuzi, lakini mrukaji mwenzake Paka akampigia simu kumwuliza kama watakuja. Siku ilipofika, Paka aliamka mapema, akajipigia pasi shati akiwa ameketi, akang'arisha viatu, hata kile cha mguu anaouburura.

"Kichwa kinanigonga, mdogo wangu. Tuiache mpaka wiki ijayo."

"Pumzika wewe, dada. Nipe kadi yangu, nitaenda taratibu."

Kumwacha aende peke yake? Alivaa, wakaenda.

Filamu ilichekesha. Hilo hakuweza kulikataa. Kuku alipowika bila kukusudia na kwenda kumwomba jogoo msamaha, yeye mwenyewe alicheka kabla hajajizuia, na Paka pembeni alikuwa anajipangusa machozi. Kisha Ngome akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwambia kuku, "Ngoja nikuambie nilivyoanguka," na Paka akajiinua kwenye kiti, akakaa wima kama mtu aliyeitwa jina.

Likaja. Vazi la kijivu, ghala, mwili hewani. Filimbi, ngoma. Ukumbi ukalipuka. Picha ikarudi nyuma, mwili ukapanda juu kama uliofutwa makosa, ukaachiwa tena. Filimbi, ngoma. Watu walipiga mapaja.

Mama Vifungo hakutazama skrini. Alimtazama mdogo wake. Paka alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, mdomo wazi kidogo. Kisha, watu walipokuwa wanamaliza kucheka, naye akacheka, kidogo, kwa kuchelewa, kama mgeni asiyeujua utani wa nyumba.

Bwana mmoja wa kiti cha mbele akageuka, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Umemwona huyo? Kama gunia."

"Ndiyo," Paka akamjibu. "Kama gunia."

Walitoka wa mwisho. Kwenye ngazi dada alishika mkono wake, na Paka hakuuondoa, ila hakuukaza.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari. Niliwaambia, mdogo wangu. Niliwafuata."

"Wakasema nini?"

"Lilikuwa lirudiwe mara tatu."

Paka alishuka ngazi mbili kabla ya kusema tena. "Umejitahidi," akasema, na hakuwa na kejeli hata chembe. Dada mtu angependa kejeli.

Filamu ilijaza kumbi wiki tisa. Mama Vifungo aliomba ahamishiwe mchezo wa wauguzi, ambao mashono yake ni magauni meupe ya mstari mmoja. Walimkatalia kwa lugha nzuri: hakuna mwingine anayekiweza kile kitambaa cha chungwa, na sehemu ya tatu imekaribia. Akarudi kwenye cherehani yake.

Jumapili moja jirani wa upande wa pili wa uchochoro aliingia kusalimia, mama mwenye roho safi, aliyempikia Paka uji miezi yote alipokuwa mgonjwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda akasema, "Nimekuona kwenye sinema, mwanangu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Kumbe una vituko hivyo?"

Mama Vifungo alikuwa mlangoni na chai. Alingoja mdogo wake aseme neno lake la siku zote, kwamba lile la mwisho ni lake.

"Asante, mama," Paka akasema. "Goti lako linaendeleaje?"

Jirani akaanza kusimulia habari za goti, na Mama Vifungo akaweka vikombe mezani, akatafuta sukari.