Siku Bibi Alipogeuzwa

Nilipokuwa mtoto mtaani Buyenzi, mtu mzima akipotea karibu na kwake hatukusema amechanganyikiwa. Tulisema amegeuzwa. Majini wadogo, wasiozidi kimo cha jiko la mkaa, wamemshika mabega wakamzungusha. Dawa ilikuwa moja: unamgeuzia kitenge, upande uliopauka unatoka nje, majini wanashindwa kumtambua, wanamwachia. Mpaka hapo ni marufuku kumbishia.

Mjukuu wangu, anayesoma Kiingereza na kunisahihisha hata nikikohoa, aliniambia juzi kwamba Waingereza nao wana neno la ajabu la mtu aliyevurugikiwa: pixilated. Asili yake, anasema, ni vijitu vidogo viitwavyo pixie, vya mashambani kwao, vinavyopoteza watu njia. Na huko nako aliyepotezwa aligeuza koti lake ndani nje. Nikamwambia, kumbe shuleni wanawafundisha mambo ya bibi yangu.

Asiyeijua Buyenzi ajue hili: barabara zimenyooka, na nyumba ya barabara hii ina pacha wake barabara ya pili. Bibi alitoka mchana kununua ndagala, dagaa wa kwetu. Aliporudi aliingia kwa pacha wa nyumba yetu, kwa Mama Zuhura. Akapita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria ya maharage, akaonja, akatia chumvi ya kutosha harusi. Kisha akamgeukia mwenye nyumba, akimdhania mama yangu, mke wa mwanawe.

"We mukamwana, nani alikufundisha kupika? Maharage haina hata kitunguu."

"Unisamehe, mama," akajibu Mama Zuhura. "Kaa hapa, nikuletee maji." Na huku nyuma akamtuma binti yake atuite.

Nilikwenda na mama. Baba mdogo, fundi wa magari, alitufuata na girisi yake mikononi na kufuli jipya mfukoni. Tangu Bibi alipookotwa amepotea mbali, kwenye njia ya Ruziba, alikuwa akidai afungiwe chumbani, mlango ufungwe kwa nje. Mama alikuwa amechoka kukataa. Mimi nililala chumba kimoja na Bibi, na nilimjua: angeupiga ule mlango mpaka mikono ivimbe.

"Munaona?" akasema baba mdogo. "Akili imekwisha. Leo ninafunga."

"Apana," akasema Mama Zuhura. "Huyu amegeuzwa tu. Mutoto, geuza kitenge ya bibi yako."

Nikapiga magoti, nikafungua fundo. Bibi alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa wapangaji. Nikamfunga upya, upande uliopauka nje, nikakaa. Bibi akanywa maji. Akaangalia ukuta, akaangalia sufuria, akamwangalia Mama Zuhura, halafu mimi.

"We, mbona unakaa kwa watu na miguu michafu hivyo? Simama, twende kwetu."

Baba mdogo akafungua kinywa. Mama Zuhura akamwahi.

"Na we kaka, siku ile ulilala kwa baraza yangu, viatu mukononi, mi niliambia watu nini? Niliambia umegeuzwa."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Lile kufuli lilirudi gereji na sikuliona tena.

Toka siku hiyo majirani wa barabara zote mbili walijua kazi yao. Bibi akiingia, anapewa kigoda na maji, kitenge kinageuzwa, na sufuria inasogezwa mbali naye haraka.

Leo daktari ana jina la ugonjwa ule, na sina ugomvi naye. Majini wale sijawahi kuwaona, wala siamini kitenge kilifanya kitu. Nadhani mtu akikalishwa, akanyweshwa maji bila kupigiwa kelele, mara nyingi anarudi mwenyewe. Ila kama tungesema ni kichwa chake kilichoharibika, baba mdogo angeshinda. Tulisema ni wale wadogo, nao wakabeba lawama yote bila kulalamika.

Mwishoni Bibi hakurudi tena. Alikuwa akiniita mukamwana, asubuhi mpaka jioni, nami naitika. Tuliendelea kumgeuzia kitenge, na mlango tuliuacha wazi.