Tundu la Kwanza la Swichi

Sikuiba waya wa mtu, mwanangu, kabla hujauliza. Niliuhamisha tu.

Ilikuwa mwaka juzi, kichwa changu cheupe hivi hivi, usije ukanisingizia utoto. Nyumba yangu ya Mabibo ina wapangaji wanne, na mtandao tulikuwa tunagawana kwa kiboksi chenye matundu, wanakiita swichi, kimetundikwa koridoni. Kila chumba na waya wake. Rehema wa chumba cha nyuma alikuwa anatafuta kazi ya kupokea simu za wateja akiwa nyumbani, na usaili wenyewe wa kwenye kompyuta. Akaleta fundi, anaongea kwa pua huyo! "Shikamoo bibi. Nimeipanga swichi, tundu la kwanza, la Rehema, litangulizwe. Sauti ikicheleweshwa inakatika. Filamu zenu zikisubiri kidogo, hamna atakayejua."

"Unatupunja wewe."

"Sipunji, bibi. Anatangulia tu wakati anaongea."

Na hakutaka hata soda! Mwanaume amfanyie kazi binti wa watu, akatae soda? Nikasema hapa kuna jambo. Ama anamtaka, ama wanatunyonya sote. Tena kile kijitaa cha tundu la kwanza kilikuwa kinakonyeza kuliko vyote, kama kinanicheka.

Asubuhi ya usaili, Rehema yuko bafuni anajiandaa, nikauchomoa waya wake, nikauchomeka tundu la mwisho. Wangu nikauweka la kwanza. Nikakaa na tamthilia yangu, inateleza kama mafuta, chumba cha pili wanashusha filamu. Mara nasikia kule nyuma: "Ha... lo? Mna... nisi..." Nikacheka, mwanangu. Nikamwigiza kabisa.

Na mie huyo huyo, bombani nampishaga mwenye mtoto anayeharisha, ndoo yake itangulie, wala hakuna aliyewahi kusema tunapunjwa.

Basi ukiona mtu katangulizwa, muulize kwanza anawahi nini. Kushuku utashuku baadaye, muda upo. Na usichokijua usikiguse ukiwa na hasira. Mungu akuoneshe haja ya mwenzio kabla mkono wako haujafika, na akuepushe na mama mwenye nyumba kama mie.

Rehema alihangaika, akatoka, simu ya mkononi ikaita. Walikuwa wale wa usaili. Nimesimama mlangoni, Rehema kaweka spika, nikamsikia mama aliyekuwa anamsaili, sauti kavu kama dagaa:

"Dada, sisi tunaajiri sauti. Yako haifiki."