Hesabu ya Miswala

Mwaka jana shule ya chekechea ya binti yangu ilitupa kazi ya nyumbani, na nilipoisoma ile karatasi nilifurahi kama mjinga. Familia nzima ikae na mtoto, ihesabu vitu vya nyumbani: ngazi, madirisha, vikombe. Kila jibu libandikwe kwenye kadi kwa vifungo vya shati. Kadi ya mwisho ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Juu yake iliandikwa "Nyumbani kwetu tuko", halafu nafasi tupu. Jumamosi wazazi tungekwenda shuleni kuonyeshwa.

Tunaishi Mji wa Kale, ghorofa ya pili, kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Nyumba ni yake, halisahau hilo wala hatuachi tukalisahau. Tuko yeye, mume wangu, wifi yangu ambaye hajaolewa, binti yetu wa miaka mitano, na mimi. Mimi ni mtu wa bara. Nilikuja Mombasa kwa kazi ya ukarani kwenye bandari ya Kilindini, nikaolewa na Mwislamu, nikabaki Mkristo. Mume wangu alisema haina neno. Mavyaa alisema nitasilimu polepole, nikishaona. Miaka saba sasa anangoja nione.

Simsemi vibaya. Nilipougua malaria nikiwa na mimba, alininywesha uji kwa mkono wake, akalala sakafuni kando ya kitanda changu. Angekuwa mtu mbaya ningeshamzoea.

Ngazi na madirisha tulihesabu mimi na mtoto, tukipanda na kushuka mpaka majirani wakatuuliza kuna nini. Kadi ya watu ilikuwa ya Alhamisi, na Alhamisi hiyo meli ilichelewa kupakuliwa, ofisi nzima tukachelewa kutoka. Nilifika mtoto amelala na kadi imeshatiwa kwenye mkoba wa shule. Wifi yangu akanisimulia yaliyopita huku akicheka.

Mavyaa alikuwa amekataa kata kata. Kwa watu wa pwani, wale wa zamani hasa, watu hawahesabiwi, na watoto ndiyo kabisa. Ukiwahesabu unawaitia kijicho, na haitapita muda utasikia mmoja amepungua. "Mwalimu gani huyu ahisabuye wana wa watu kama kuku?" aliuliza. Mtoto akaangua kilio kwa kuwa kadi yake haina kitu. Basi bibi akatafuta njia. Akafungua kabati, akatoa miswala. Kila mmoja nyumbani ana mswala wake wa kuswalia, hata binti yangu ana wake mdogo, wa rangi ya waridi, alioletewa kutoka Makka. "Haya mwanangu, tuhisabu miswala. Watu tutawawacha kwa Mola wao." Wakahesabu, wakabandika vifungo, mtoto akaenda kulala anacheka.

Nilicheka na mimi. Haki ya Mungu, nilicheka, nikaingia jikoni kupasha chai.

Jumamosi tulikalishwa kwenye vile viti vidogo, magoti yamefika kidevuni, mavyaa ubavuni mwangu na buibui lake jipya. Zamu ya binti yangu ilipofika alisimama katikati ya darasa, akaiinua kadi na kusema kwa sauti: "Nyumbani kwetu tuko wanne. Bibi, baba, shangazi na mimi."

Mwalimu, msichana mpole, alitabasamu. "Na mama je?"

Mtoto alinitazama. Hakuona haya wala hakusitasita. "Mama hana mswala."

Mwanamke mmoja nyuma yangu alicheka, kisha akajitia kukohoa. Mavyaa akainuka kumweleza mwalimu. "Si kwa ubaya, mwalimu. Sisi hatuhisabu watu, twahisabu miswala." Wazazi wengi wakaitikia kwa vichwa, maana nao walilelewa hivyo hivyo. Mambo yakawa yameeleweka. Kila mtu aliridhika isipokuwa mimi, ingawa mtoto alisema kweli tupu. Mimi nasali Jumapili kanisani, kwenye benchi, na benchi halikunjwi likawekwa kabatini pamoja na vya wenzako.

Mwalimu akanipa kifungo na gundi. Niliinama nikibandike, mtoto akaifunika kadi kwa viganja vyote viwili. "Usiiharibu, mama! Bibi amesema iko sawa." Nikakirudisha kifungo mezani. Nilikuwa na hasira isiyo na pa kwenda, kwani utamkasirikiaje mtoto kwa kujua kuhesabu?

Jioni tulikaa mkekani, tumezunguka sinia la wali. Mavyaa akamsimulia mume wangu kisa chote kama kichekesho, na mume wangu akacheka mpaka tonge likamponyoka. "Watoto bwana!" akasema. Kisha akauona uso wangu. "Wewe nawe, kila jambo walishika. Si uchukue mswala mmoja uutie humo kabatini, yaishe?"

Sikutaka mswala. Nilitaka mtu mmoja, mmoja tu humo ndani, aseme kwamba nimesahauliwa na kwamba si vizuri. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, mbele yao wote: "Nyumbani kwetu tuko wangapi?"

Swali la chekechea. Mkono wake ulisimama juu ya sinia. Akageuka kumtazama mama yake, na mama yake akautazama wali. Ndipo akasema, "Watano." Binti yangu alikuwa ameketi kati yetu, wala hakunitazama mimi. Alikuwa akimtazama bibi yake, anangoja kuambiwa kama jibu ni sahihi.