Bac ya Nyantende

Mpaka leo nikipita Nyantende, kijijini kwa mama mkwe wangu, sipigi honi wala sisalimii mtu, nakaza macho barabarani kama mwenye mgonjwa ndani ya gari, maana pale kuna akina mama ambao wakiniona tu wanashikana mabega na kuanza kucheka upya, na sina la kuwajibu kwa sababu kweli niliyafanya. Afadhali niwaeleze mwenyewe, ndugu zangu, kabla mke wangu hajawaeleza, kwani yeye anapofika kwenye kile kipande cha hadithi chenye kuku huwa anasimama kabisa na kuigiza.

Wakati ule nchi ilikuwa ingali inaitwa Zaïre na sisi sote ni ma-citoyen, yaani raia, na mimi nilikuwa nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu. (Hilo la jiografia mlikumbuke, ndilo lililoniponza.) Dada mkubwa wa mke wangu, Nsimire, alikuwa ameolewa Mwanza, kule Tanzania, na kwa miaka minane mama yao hakuwa amemwona. Siku moja barua ikafika: Nsimire amejifungua, baada ya kungoja mpaka watu wakaacha kuuliza, na mtoto hatabatizwa mpaka bibi yake awepo. Mama mkwe wangu, mjane, mkulima wa Nyantende, mtu wa maneno machache sana, aliikunja ile barua akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, na kila tulipomtembelea tuliona lile fundo liko palepale.

Mimi nilikuwa na gari aina ya Kombi, kwa hiyo nikasema nitampeleka.

Basi tukaunda komite (Bukavu bila komite hata sherehe ya komunio haifanyiki), tukawa na prezida, makamu wake, katibu, washauri watatu ambao hawakushauri kitu, na mimi nikajiteua mkurugenzi wa safari. Nikachora ramani kwenye karatasi ndefu, nikaitundika sebuleni, nikachukua fimbo yangu ya darasani na kuanza kueleza: Bukavu, Kamanyola, bonde la Ruzizi, Burundi yote mpaka mwisho, halafu Tanzania, ambako wanaendesha upande wa kushoto, halafu karibu na Mwanza kabisa mkono wa ziwa kubwa, ambako hakuna daraja ila bac, yaani kile chombo kipana cha chuma kinachobeba magari na kuyavusha ng'ambo. Bac yenyewe niliichora kwa rangi ya bluu, na bendera juu yake. Hapo mama mkwe akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu chai.

"Mukwe wangu, ile bac, unaijua muzuri?"

Ndugu zangu, ukweli ni huu: bac nilikuwa nimeivuka mara moja tu maishani, njia ya Shabunda, nikiwa juu ya lori, nina malaria, nimelala chini ya turubali katikati ya magunia, na nilipozinduka tulikuwa tumeshavuka zamani. Ningesema hivyo yangeishia hapo. Lakini ramani ilikuwa nyuma yangu, fimbo mkononi, na komite nzima imenitolea macho.

"Bac?" nikasema, na nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. "Mama, mi nimeshapandisha motokari ku bac mara mingi. Iko kitu ya bule."

Nabintu, mke wangu, ambaye habari ya turubali anaijua, alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikasahau jina la mji unaofuata.

"Basi unionyeshe," mama mkwe akasema. "Mi siwezi ingia mu motokari yenye inaingia juu ya maji, sijaona namna inaingia. Ukinionyesha, naenda. Usiponionyesha, Nsimire atanitumia foto ya mutoto."

Mtu mwenye akili angejua kwamba hapo ndipo pa kurudi nyuma. Mimi nikatangaza kwamba Jumapili, baada ya misa, kutakuwa na mazoezi rasmi ya kupanda bac, palepale Nyantende, karibu na kanisa, ambapo watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya umma, walikuwa wamechimba mfereji mkubwa wa kupitisha maji ya mvua. Mfereji ungekuwa ziwa, mbao mbili zingekuwa ngazi ya kupandia bac, na upande wa pili wa mfereji ungekuwa bac yenyewe. Ubao mmoja mnene wa mkaratusi nilipewa na seremala. Wa pili haukupatikana, nikamwomba katekista benchi la kanisa, lile refu la nyuma, nikaling'oa miguu. (Katekista aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimjibu kwa Kifaransa.)

Jumapili ile watu walitoka misa na hakuna aliyekwenda nyumbani. Mama mkwe alikuja amevaa kitenge cha sikukuu, akaagiza mizigo yote ya Nsimire ipakiwe kama siku ya safari yenyewe, kwa sababu alitaka kuona bac pamoja na uzito wake: unga wa muhogo, maharagwe, samaki wadogo wa sambaza waliokaushwa, kuku wawili, na mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, aliyoitengeneza mwenyewe kwa ajili ya ubatizo. Nikamfungulia mlango wa mbele, akakaa kando yangu, mikono juu ya mapaja, amelishika lile fundo la barua. Nikawapungia watu mkono. Ndiyo, niliwapungia.

Magurudumu ya mbele yalipita vizuri sana. Watu wakapiga makofi, nami, badala ya kuangalia mbao, nikageuka nimtazame mama mkwe nione kama ameridhika, na wakati huohuo magurudumu ya nyuma yakafika katikati na benchi la kanisa likalia kraa! Kombi ina injini nyuma, nyie mnajua; ikakaa kitako ndani ya mfereji, pua juu, na sisi wawili tukajikuta tumelala chali tunaangalia mawingu, mimi na mama wa mke wangu, bega kwa bega, jambo ambalo mkwe hatakiwi kuliona hata ndotoni. Mtungi ukapasuka. Kasiksi haikumgusa yeye hata tone, yote ilinijia mimi, kichwa, shati, suruali. Kuku mmoja akaruka kutoka nyuma akaja kukaa juu ya kifua changu, akanitazama.

Milango haikufunguka, bodi ilikuwa imepinda na kuibana. Ikabidi tungoje wanaume wakatafute kamba, na tulipokuwa tunangoja umati mzima ukajipanga kutuzunguka, na katikati yao alikuwepo Maman Faida, mfanyabiashara wa ndagala, yaani dagaa, ambaye njia zote za huko amezipita juu ya malori. Akainama, akachungulia kwenye kioo, akauliza kwa sauti ya sokoni:

"Lakini prof, mbona maman alikuwa ndani? Ku bac batu bote banashuka kwanza! Motokari inapanda na shofere peke yake. Kila bac iko vile!"

Kasiksi iliendelea kunidondoka masikioni. Mama mkwe, bila kugeuza kichwa, huku bado anaangalia mbinguni, akauliza polepole:

"Mukwe wangu. Ile bac ulivukaka namna gani?"

"Nililala, Mama," nikasema. "Chini ya turubali."

Kwanza alicheka Nabintu. Nasema hivyo ili mjue ni nani. Halafu wote.

Ila mama mkwe hakucheka. Walipotutoa alijifuta vumbi, akamwambia binti yake, "Batanitumia foto," akaenda zake kwa mguu. Hapo ndipo aibu yenyewe iliponikamata, maana kuchekwa mtu anazoea, lakini kule kutembea kwake peke yake na lile fundo la kitenge kuliniuma kweli. Siku tatu sikulala vizuri. Ya nne nikajivika uso wa chuma, nikaenda kwa Maman Faida sokoni, mbele ya wateja wake wote (ambao walikuwa wanajua tayari, bila shaka), nikamwambia: Maman, mimi bac siijui, wewe unaijua, nakuomba umpeleke mama.

Akampeleka. Walitoka kwa lori la wafanyabiashara, mama mkwe amekaa mbele karibu na dereva, nami nilibaki Bukavu na ramani yangu, nikitengeneza benchi la kanisa. Mtoto alibatizwa. Bibi yake alirudi baada ya miezi miwili, amenenepa, na kitu cha kwanza alichonieleza si mtoto, ni bac: jinsi alivyoshuka, alivyotembea kwa miguu yake juu ya chuma, na maji yakiwa kimya chini yake.

Mwaka uliofuata Nabintu naye alitaka kumwona dada yake, na Kombi ilikuwa imepona. Mama mkwe akasema tutakwenda wote, yeye ataelekeza. Akaelekeza kweli, toka Kamanyola mpaka ng'ambo ya Burundi, hata ramani hakuniruhusu kuikunjua. Tulipofika kwenye ule mkono wa ziwa, kabla sijasimama vizuri alishafungua mlango, akashuka, akamshusha Nabintu, kisha akawageukia wenye bac, abiria, wauza samaki, na kila mwenye masikio pale ufukweni.

"Mumuelekeze polepole!" akapaza sauti, akininyooshea kidole. "Huyu ni mukwe wangu, iko prof ya jiografia. Mara ya kwanza alivuka akilala!"

Walinielekeza ufuko mzima, ndugu zangu, watu hamsini kwa mikono mia. Tangu siku ile mtu akiniuliza jambo nisilolijua namjibu "sijui" kabla hajamaliza swali, hata kama nimeshika fimbo, hata kama ni inspekta wa shule.