Kofia Nyekundu Mlangoni

Mume wangu alikuwa mfunga mabehewa Tabora. Tulipohamia Brussels kwa kazi yangu ya kutunza wazee, nilidhani mambo ya reli yamekwisha. Wapi. Haukupita muda akawapata wastaafu fulani, nje kidogo ya mji, waliokuwa wakiendesha garimoshi la zamani la mvuke kila Jumapili. Kazi ya bure, hata nauli hawampi. Akirudi kwetu, mtaa wa Anderlecht, ananuka makaa na grisi, nami namsukuma bafuni. "Bora ungeniletea mke mwenza," namwambia, "yeye angalau angejipaka manukato." Anacheka mpaka anashika ukuta.

Kazi yenyewe niliiona. Injini inarudi nyuma polepole mpaka iguse behewa la kwanza. Yeye anainama, anaingia katikati, ananyanyua kiungo cha chuma na kukitia kwenye kulabu, anakaza, kisha anaunga mpira wa breki. Injini ikisogea kidogo tu, umekwisha. Kwa hiyo walikuwa na desturi: kabla hajaingia, hutundika kofia yake nyekundu kwenye kitasa cha mlango wa dereva. Kofia ikiwa pale, dereva hagusi kitu, na anayeitoa ni mwenyewe tu.

Kisha akaanza kutia chumvi kwenye chai. Akapotea njia ya metro aliyoipita miaka. "Usiwaambie wale," akaniomba. "Wakijua hawataniacha niingie katikati tena, na mimi sina kingine." Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijua, lakini Jumapili ndiyo siku pekee aliyoamka akiimba. Sikuwaambia; nikaamua niwe nakwenda naye.

Siku moja alifunga mabehewa vizuri, abiria wakapanda, na garimoshi likakataa kuondoka. Kofia ilikuwa bado inaning'inia. Dereva, mzee wa Kibelgiji mwenye ndevu nyeupe, akamwita, akarudia. Wenzake wakalala kifudifudi juu ya kokoto, wakachungulia chini ya magurudumu. Moyoni nilikuwa nimeshakuwa mjane.

Nikamwona dirishani, behewa la tatu, ameketi na abiria, mfuko wake mapajani. Nikapanda mbio.

"Mbona hatuondoki?" akaniuliza. "Tutachelewa kufika Tabora."

Hakuna aliyemkaripia. Dereva alimshika mkono, akamshusha hadi kwenye injini, nasi sote tukasubiri aitoe kofia. Akaigeuzageuza. "Ya nani hii?" akasema. Dereva aligeuka akajifuta macho kwa mkono wenye masizi. Hawakumruhusu kuingia katikati tena, na sikuwalaumu. Nililia njia nzima kwenye treni ya kurudi, yeye akinibembeleza bila kujua kinachoniliza.

Tangu hapo kila Jumapili alitundika kofia kwenye kitasa cha mlango wetu. Ikiwa pale, mtu hatoki. Nilichelewa kazini, nikanung'unika, nikasonya, lakini sikuigusa. Nilikaa nikimsubiri amalize kufunga mabehewa yake.

Alifariki Jumapili, asubuhi ya baridi. Waliokuja kumchukua walimlaza kwenye machela, wakamfikisha mlangoni. Kofia ilikuwa kwenye kitasa. Nikawaambia wasubiri. Wakasubiri kwa adabu, nadhani walidhani nasali. Nilimtazama mume wangu chini ya shuka lile mpaka mmoja wao akakohoa, ndipo nikaitoa mimi.